Orodha ya Viatu

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemdhulumu Biasha. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jengine ntalizunguka mpaka daftari liishe.

Biasha ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama alipatwa na maradhi baada ya kunizaa, maziwa yakakatika, nkapelekwa kijijini Kiwengwa kwa Bi Maryam, jirani yake bibi yangu, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne. Mtoto huyo ndiye Biasha. Mpaka naanza skuli nilikuwa kule. Sasa nna miaka hamsini na mbili, nakaa mjini, mtaa wa Amani, na mke wangu Muzdalifa, nafanya kazi Shangani katika ofisi ya watu wanaoandaa semina na vikao. Biasha analima mwani. Wako wanawake arubaini na mmoja katika kikundi chao, na yeye ndiye katibu.

Serikali nne, yetu na za majirani, zimekubaliana kufungua biashara ya mazao ya bahari. Mwani na samaki wavuke mipaka bila ya ushuru, na kampuni ya nchi moja iweze kuweka mtaji wake nchi nyengine. Moja katika kampuni hizo inaitaka bahari ya ndani ya mwamba pale Kiwengwa, iweke shamba la kisasa la mwani. Mkataba umesema wazi kwamba wanaoitumia bahari ile lazima waridhie kwanza, na wanawake waridhie kwa saini zao wenyewe. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuzipata hizo saini.

Kikao kilikuwa Jumanne hii, saa nne asubuhi. Walikuja wanaume kumi na wanne. Mwanamke hakuja hata mmoja. Ilikuwa bamvu, maji yamekupwa mpaka mbali, na siku za bamvu ndizo siku zao za kazi. Wote walikuwa baharini. Mie sikuangalia kalenda ya maji.

Niliporudi mjini, mkurugenzi wetu Bi Hamda akanita.

"Borafya!"

"Naam."

"Saini za wanawake ziko wapi?"

"Zipo, Bi Hamda."

Na kweli zilikuwepo. Mwezi wa pili tulikwenda Kiwengwa na semina ya kuwafundisha namna ya kupata cheti cha asili ya bidhaa, ile karatasi moja ambayo ukiwa nayo, sabuni yako ya mwani inaingia Mombasa kama imetoka hapo hapo Mombasa. Walifurahi mno. Mwisho tukawagaiya viatu vya mpira vya kuingilia majini, kila mmoja akaandika jina, akatia saini, akaandika na namba ya mguu wake. Orodha ilibaki kwa Biasha. Baadae akanipa mwenyewe: "Kaka, iweke katika faili lenu, kwangu kunavuja."

Nimeziba kichwa cha ile orodha kwa karatasi nyeupe, nkapiga fotokopi, nkaandika juu: Waliohudhuria na Kuridhia. Safu ya mwisho ilikuwa na namba tupu. 38, 40, 37, 39. Nkaandika juu yake: Umri.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua kutwa. Vespa imekataa kuwaka.

Jumatano, 23 Aprili

Leo wajumbe wa nchi zote wamekutana katika hoteli moja hapa mjini. Mie nilikuwa napanga bendera mezani na kutizama kama kila mtu ana maji. Faili letu likapita mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja, mwanamama wa makamo kutoka nchi ya Maziwa Makuu huko, akalifungua, akanyanyua miwani.

"Kijana," akaniita. Hajui mie babu. "Hawa kina mama wa Kiwengwa wote hawajafika miaka arubaini na tatu. Wazee kwenu hawalimi mwani?"

"Wazee wanapumzika nyumbani, bibi."

"Mashaallah. Mnawatunza."

Akaweka alama ya kalamu, akapeleka faili mbele. Nilitoka nje nkasimama barazani. Bi Salhiya ana miaka sabini na moja. Hajapumzika hata bamvu moja tangu mwani uanze kuletwa kisiwani.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Hakuna kazi. Muzdalifa kaniuliza nna nini, maana chai imepoa mbele yangu mara mbili. Nkamwambia mgongo.

Jumatatu, 28 Aprili

Tangazo limebandikwa Kiwengwa, na orodha yote chini yake. Vijiti na kamba za mwani ving'olewe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa kamati ya wajumbe, ofisi yao ya muda iko Malindi, hapa hapa mjini, mwisho Ijumaa tarehe 30 Mei.

Biasha kanipigia simu kabla ya adhuhuri.

"Kaka, hii karatasi umeiona?"

"Nimeisikia."

"Jina langu la mwanzo. Na saini ni yangu, siwezi kuikana. Lakini mie hicho kikao sikwenda. Nani kakwenda? Tulikuwa majini sote."

"Labda wamekosea."

"Wamekosea wakaijua saini yangu?" Nyuma yake nasikia mvua juu ya mabati. "Ile orodha ya viatu niliyokupa ipo?"

"Ipo ofisini. Haijatoka."

"Haya. Nisalimie Muzdalifa."

Imenitoka rahisi, kama kumjibu mtu salamu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimetoka Kiwengwa. Naandika Msikiti wa Amani wameshaswali alasiri, nguo bado mbichi mwilini.

Bi Hamda alinituma niende nikaone kama watu wamepokea vizuri. Nlidhani ntakutana na sheha, mkubwa wa kijiji, nirudi. Lakini leo maji hayakutoka sana, wanawake wako juu, wamejaa bandani kwao wanapokaushia mwani siku za mvua. Wakaniona kwa mbali.

"Huyo! Mtu wa ofisi huyo! Njoo, Borafya, njoo utusomee!"

Nkaenda. Wamelibandua tangazo kutoka ukutani, wameliweka juu ya gunia. Mwanzo ilikuwa kicheko tu. Mmoja alikuwa anasoma majina na umri, wengine wanapiga vigelegele.

"Salhiya Ubwa, miaka thelathini na nane!"

Bi Salhiya akasimama, akajishika kiuno, akajizungusha. "Mmesikia? Serikali nne zimesema! Nitafutieni mume, na asiwe mzee, sitaki mie wazee wa kukohoa!"

"Bi Salhiya, mwanao ana hamsini!"

"Nlimzaa kabla sijazaliwa, we inakuuma nini?"

Nilicheka na mie. Naandika hilo pia. Nilicheka.

Sumaiya hakucheka. Huyu ni msichana wa pale pale, kamaliza skuli mwaka juzi, ndiye anayewatangazia sabuni zao kwenye simu. Aliinama juu ya karatasi, kidole kinateremka taratibu. Kisha akamtizama mguuni Bi Salhiya.

"Bi Salhiya, kiatu chako namba ngapi?"

"Thelathini na nane. Kinanibana kidogo."

"Mie nimeandikwa miaka arubaini na moja," akasema Sumaiya. "Nna mguu mkubwa. Skuli wakinicheka."

Kila mmoja akatizama jina lake, kisha kiatu chake. Sumaiya akauliza tena.

"Orodha ya viatu ilikuwa kwa nani?"

Biasha alikuwa mlangoni, anakamua kamba. "Kwangu mimi," akasema.

"Ukampa nani?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi. Wengine washaanza kunigeukia mie. Bi Salhiya akasema, "Si huyu kaka yake? Si yeye mtu wa hiyo ofisi?" Na mimi ndio hapo nilipopewa nafasi yangu, mbele ya watu wote, mchana kweupe. Nlikuwa na neno moja tu la kusema.

Nkasema, "Ntakwenda kuulizia."

Biasha akanitizama. Si kwa hasira. Alinitizama kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Kisha akawageukia wenzake.

"Kaka yangu hana lake katika hili. Niliipeleka mwenyewe mjini, nkaiacha mezani kwao."

"Kwa sababu gani?"

"Kwangu kunavuja."

"Kwako kunavuja!" mmoja akapiga kelele. "Wamekupa nini, Biasha? Umetuuza shilingi ngapi?"

"Sikupewa kitu."

"Umetutia katika semina ya cheti, umetwambia Mombasa, Nairobi, tukakupigia makofi! Kumbe wewe na kaka yako mlikuwa mnatupima miguu!"

Hawakumpiga, hawakumtukana tusi baya. Ingekuwa bora. Bi Salhiya alinyoosha mkono tu, kiganja juu. Biasha akafungua pembe ya kanga, akatoa ufunguo wa stoo, akaweka kiganjani. Kisha akatoa muhuri wa kikundi kwenye mkoba, ule wenye picha ya kiatu cha mpira na mwani, waliouchangia wenyewe kuuchongesha, akauweka juu ya ufunguo. Bi Salhiya akafunga mkono. Mzee yule analia.

Nilimfata Biasha njiani. Mvua ikaanza.

"Biasha."

"Nenda, kaka. Utaroa."

Jumanne, 6 Mei

Mafua.

Jumamosi, 10 Mei

Simu ya Rukaiya, binti wa Biasha. Anasoma chuo Tunguu, mwaka wa pili, na ada yake inatoka kwenye mwani. Kanipigia kunambia mama yake anaumwa na bega.

Gunia la mwani mbichi mtu mmoja hawezi kujitwika. Lazima mwenzio akushikie upande mmoja, unyanyue mwengine, ndio likae kichwani. Hata watu waliogombana hutwikana baharini, kisha wakarudi kugombana pwani. Sasa hakuna anayemtwika Biasha. Alijaribu mwenyewe, likamwangukia. Akaliburura majini mpaka pwani, na maji yanajaa nyuma yake, na wenzake wanapita wametwikwa, wanamsalimu salamu alaikum, wanaendelea.

"Wanamsalimu?" nkamuuliza.

"Ndio kinachomuuma, mjomba."

Jumanne, 13 Mei

Bamvu tena. Leo naandika kweli.

Siku ya mwanzo nimeandika sikuangalia kalenda ya maji. Uongo. Kalenda imetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na hata isingekuwepo, mie nimelelewa Kiwengwa, nikiona mwezi najua maji yako wapi. Niliichagua tarehe 15 kwa makusudi. Bi Hamda alisema anataka kikao cha saa moja, na mie nawajua wale wanawake. Wangeuliza. Wangeuliza shamba la kisasa litaajiri wangapi, na asiyeajiriwa aende wapi, na kwa nini kampuni ivuke mpaka kuja kulima wanacholima wao. Sikuwa na majibu, na mkataba wangu wa kazi ulikuwa unamalizika mwezi wa sita. Nkatafuta siku watakayokuwa mbali.

Nlitaraji nikipata saini za wanaume tu zitatosha, na kile kifungu cha wanawake hakuna atakayekitizama. Zilipokuwa hazitoshi ndio nkafungua faili la viatu.

Na makubaliano yenyewe hayakuwa mabaya. Hilo ndilo linaloniuma. Nimeyasoma yote, kurasa thelathini. Kuna mtu huko alikaa akafikiri, akaandika "wanawake waridhie wenyewe" kwa sababu aliwajua watu kama mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua, mvua, mvua. Mtaro wa nyuma umefurika.

Jumamosi, 17 Mei

Rukaiya kaja Shangani. Alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni na mwavuli unadondosha maji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Ameacha mwani. Anafua mashuka hotelini, zamu ya asubuhi."

Nkamvutia kiti, hakukaa.

"Wenzake walitaka kupeleka malalamiko," akasema. "Walikwenda mpaka Malindi. Wakaulizwa, hizi saini si zenu? Wakasema zetu. Wakaambiwa walete ushahidi kama waliziweka kwa jambo jengine. Hawana. Karatasi ya asli hawaijui iko wapi."

Karatasi ya asli iko kwenye mtoto wa meza yangu. Ilikuwa baina yetu, labda futi mbili kutoka kwenye magoti yake.

"Mama kakutuma?"

"Mama kasema nisikuulize kitu." Akafunga mwavuli wake vizuri, akaubana kile kifungo. "Ndio maana nimekuja. Mjomba, mama alikupa wewe ile orodha. Nilikuwepo jikoni. Nlisikia."

"Anajua kama ni mimi?"

"Tangu siku ile bandani. Nilimwambia waambie wenzako, akasema hapana. Akasema kaka yangu atasema mwenyewe. Kila nikirudi Ijumaa naona anatizama simu."

"Rukaiya..."

"Mie si mtoto wa kukugombeza. Nimekuja kukwambia tu kwamba anangoja."

Akateremka. Nilisikia kila ngazi.

Jumanne, 20 Mei

Nimeingia kwa Bi Hamda, nkafunga mlango, nkamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata.

"Mie nilikuuliza saini ziko wapi," akasema. "Sikukuuliza umezipata wapi. Nlikuwa sitaki kujua. Hilo langu, sikutwishi wewe."

"Nataka kuipeleka karatasi, Bi Hamda."

"Ukiipeleka, ofisi hii inafungwa. Tuko watu sita hapa. Yule anayefagia ana watoto wanne. Na wewe unaweza kushitakiwa, unafahamu? Kughushi si mchezo."

"Nafahamu."

"Basi nenda kafikiri."

Wala hakunifokea. Nlipofika mlangoni akanita tena. "Borafya. Huyo Biasha, ni ndugu yako kweli?"

"Wa kunyonya."

Akatia uso wake baina ya mikono. Nkatoka. Nimefikiri siku nzima, na niliyoyafikiri ni ya woga tu. Watu sita. Watoto wanne. Nimejificha nyuma ya watoto wa mtu ambao hata majina yao siyajui.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia Muzdalifa. Alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua uso.

"Tangu lini?"

"Aprili."

"Idi Kubwa inakuja, nshampigia Biasha nimemwambia waje wote kula kwetu. Akanambia inshaallah. Nkamuuliza mbona sauti yako hivyo, akasema mafua." Mkono wake umesimama ndani ya ungo. "Kwa hiyo mwezi mzima sote tunamdanganya yule mwanamke, na mie umeniingiza bila ya kuniuliza. Kama ulivyowatia wao."

"Nikifungwa je?"

"Ntakuletea chakula. Lakini hapa nyumbani na uso huo siwezi kukaa nawe, Borafya. Wallahi siwezi."

Akaendelea na mchele.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imepungua. Nimekaa tangu asubuhi na nimeshaandika maelezo yangu, kurasa mbili, bila ya maneno ya ofisi. Nimeandika tarehe ya semina, tarehe ya kikao, nilivyoziba kichwa cha karatasi na nilivyoandika "Umri". Nimeandika kwamba siku ya kikao niliichagua mimi, na kwa nini. Jina la Biasha nimeliandika mara moja tu, kusema alinipa karatasi kwa amana. Karatasi ya asli nimeitoa ofisini Ijumaa, nimeifunga ndani ya nailoni. Bi Hamda aliniona naitoa. Akageuka akatizama dirishani.

Nilitaka kumpigia simu Biasha leo. Nimeshika simu, nkaiweka. Nikimpigia ntamuomba msamaha, na yeye atanisamehe hapo hapo, namjua, kisha ntaona mambo yamekwisha. Hayajesha. Wenzake bado wanaamini kawauza.

Basi naandika hapa, na Muzdalifa nimemsomea ili asiniache nikarudi nyuma.

Keshokutwa Jumanne, tarehe 27 Mei, saa nne asubuhi, ntakuwa Kiwengwa. Maji yatakuwa yametoka na watakuwa kazini. Ntapandisha suruali, ntaingia mpaka walipo, na ntawasomea kurasa zote mbili kwa sauti, nimesimama mbele ya Bi Salhiya na Sumaiya. Ntawaambia Biasha hakuuza kitu, alinificha mimi. Watakachonifanya, wanifanye. Ntamuomba Bi Salhiya ufunguo na muhuri avirejeshe mwenyewe kwa mkono wake, maana mie sina haki ya kuvibeba. Biasha atakuwa kwenye zamu hotelini. Akitoka saa nane atanikuta nje ya geti la wafanyakazi, na ntamwambia niliyokwishawaambia wao.

Na siku ya pili yake, Jumatano tarehe 28, kabla ya adhuhuri, Sumaiya na Bi Salhiya wakiridhia kufatana na mimi, tutapanda ngazi za ofisi ya kamati Malindi. Wasiporidhia ntakwenda peke yangu. Karatasi ya asli, pamoja na kichwa chake kinachosema viatu, ntaiweka juu ya meza ya wajumbe, na chini ya maelezo yangu ntatia saini yangu mimi, jina langu kamili, na umri wangu wa kweli.